Tunalipa Spea, Hatulipi Kupima

Gari likigoma kuwaka asubuhi mtaani, halikosi washauri. Dereva wa bodaboda aliye kijiweni atasema betri imekufa. Jirani anayewahi kazini atasimama kidogo, atasikiliza, atasema hiyo ni stata. Mlinzi wa geti la pili atakumbuka gari la bosi wake wa zamani lililokuwa na tabia hiyohiyo, kumbe ilikuwa pampu ya mafuta. Fundi akifika, mara nyingi naye hapimi kitu. Anafungua boneti, anamwambia mwenye gari apige stati, anasikiliza mara moja, na kabla hajanawa mikono ameshataja spea ya kununua. Mwenye gari, jicho lake likiwa kwenye saa, anatoa simu na kutuma pesa.

Pesa hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze. Magari huharibika, na hakuna wa kulaumiwa kwa chuma kuchoka. Lakini sehemu kubwa ya gharama tunayobeba gari linapogoma inatokana na namna tunavyolipa. Fundi akifunga kitu kipya tunamlipa bila kinyongo. Fundi akitumia nusu saa kuhakikisha kama kitu hicho kinahitajika, tunamuuliza, "Sasa umefanya nini?" Tumejenga soko linalomlisha anayebahatisha na kumlaza njaa anayepima, kisha tunashangaa kwamba mafundi wanabahatisha.

Chukua mfano wa Toyota IST ya mwaka 2003, gari ambalo Dar es Salaam hulikosi kwenye foleni yoyote. Mwenyewe anageuza ufunguo, gari linatoa mlio mmoja, "tk!", basi. Fundi wa kwanza anamnunulisha betri mpya. Gari linawaka siku hiyo, kesho linarudia. Fundi wa pili anamnunulisha stata ya mtumba kutoka Gerezani. Linawaka wiki nzima, linarudia. Fundi wa tatu anaingia chini, anakuta waya wa athi unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye injini umeliwa na kutu pale unapofungwa. Anaukwangua, anaukaza, mchezo umekwisha. Kazi hiyo haikuhitaji spea hata moja. Lakini fundi wa tatu ndiye atakayelipwa kidogo kuliko wenzake, kwa sababu "amekaza waya tu".

Gari lina lugha yake

Kinachoudhi zaidi ni kwamba gari lililogoma kuwaka ni miongoni mwa matatizo mepesi kuyafuatilia. Injini ya petroli inahitaji mambo machache: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate petroli, ipate hewa na kuibana, na cheche ya plagi itoke kwa wakati wake. Magari ya miaka ya karibuni yameongeza jambo moja, nalo ni ruhusa ya kompyuta. Ukilikosa moja kati ya haya, gari haliwaki. Ukilijua lililokosekana, umeshamaliza zaidi ya nusu ya kazi.

Swali la kwanza halina gharama: ukigeuza ufunguo au kubonyeza kitufe, injini inazunguka au haizunguki? Watu wengi wanaliruka. Kama haizunguki, ubovu uko upande wa umeme wa kuizungusha: betri, temino, nyaya nene, stata yenyewe, au kitu kinachozuia stata isipate amri. Plagi na nozeli hazihusiki hapo, na fundi anayeanza kufungua plagi anakula muda wako. Kama injini inazunguka vizuri ila haishiki, basi betri na stata zimeshafanya kazi yao. Hapo tafuta petroli, cheche, au ile ruhusa ya kompyuta. Swali hili moja linafuta nusu ya orodha ya spea ambazo ungeuziwa.

Baada ya hapo, sikiliza. Milio ya haraka haraka, "tktktktk", maana yake umeme umepungua. Betri ina nguvu ya kuvuta swichi ya stata, lakini mzigo wa stata ukiingia umeme unaporomoka, swichi inaachia, umeme unapanda tena kidogo, swichi inavuta tena. Hapo mtuhumiwa ni betri iliyochoka, au temino zilizolegea ama kuota ule ukungu mweupe wenye rangi ya kijani. Mlio mmoja mzito huku taa zikibaki na mwanga wake unaelekeza kwenye stata au nyaya zake. Kwenye stata nyingi za magari ya Toyota, mlio huo husababishwa na vipande vya shaba ndani ya swichi ya stata vinavyolika kadiri miaka inavyokwenda. Vipande hivyo hubadilishwa. Wapo mafundi umeme wa Ilala wanaofungua stata, wakabadilisha shaba na kaboni, wakakurudishia stata yako ikiwa imara kuliko ya mtumba, ambayo huenda ina umri uleule wa gari lako.

Kimya kabisa, huku taa za dashibodi zikiwaka vizuri, ni habari nyingine. Kwenye gari la otomatiki, anza na gia. Swichi inayozuia gari lisiwashwe likiwa kwenye gia huchoka, na gari likikataa kuwaka kwenye P, hukubali mara nyingi ukilipeleka N. Gari la kitufe halitapokea amri kama swichi ya breki ni mbovu, na dalili yake ni kwamba taa za breki nyuma nazo haziwaki. Kama ni ufunguo usiogeuka kabisa, usiutumie nguvu. Huenda usukani umejifunga. Utikise kulia na kushoto huku ukigeuza ufunguo taratibu. Na kama kila kitu ni kiza, hakuna taa wala honi, betri imekauka au temino imeachia.

Kuna mlio mmoja ambao ukiusikia unapaswa kuacha kupiga stati mara moja. Injini inazunguka haraka na kwa wepesi kuliko kawaida, bila ile midundo ya kubana hewa uliyoizoea. Kwenye injini inayotumia mkanda wa taimingi, hiyo ni dalili kwamba mkanda umekatika. Kwenye baadhi ya injini, kila unapoendelea kuzungusha unazidi kugonganisha valvu na pistoni. Anayekwambia "piga tena, piga tena" hapo anakuandalia bili ya kufungua kichwa cha injini.

Redio inapiga, betri ni mbovu

Ubishi unaorudiwa zaidi ni huu: "Betri ni nzima, mbona redio inapiga?" Jibu lake liko kwenye kazi ya stata. Mwanzoni mwa karne ya 20 injini ilizungushwa kwa mkono, kwa hendeli, na hendeli ikirudisha teke iliweza kuvunja kifundo cha mkono. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyetengeneza stata ya umeme iliyoingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Malori ya zamani ya huku kwetu yaliendelea kubeba hendeli kwa miaka mingi baadaye, na asubuhi stata ilikuwa utingo mwenyewe. Kazi ile ya mabega ya utingo sasa inafanywa na mota ndogo kwa sekunde moja au mbili, na kwa muda huo inavuta umeme wa ampea mia moja na kuendelea hata kwenye gari dogo. Redio haihitaji hata sehemu ya kumi ya hapo. Betri inayoweza kuimba taarabu usiku kucha inaweza kushindwa kuizungusha injini hata mara moja.

Ndiyo maana betri haihukumiwi kwa redio. Inahukumiwa kwa namba. Mita ya umeme ya kawaida, ile ndogo ya mkononi inayouzwa Kariakoo kwa bei isiyokaribia kabisa bei ya stata ya mtumba, inatosha. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu. Ikisoma 12.0 au chini, imekaribia kuisha. Mtu apige stati huku unatazama: namba ikishuka chini ya 9.6 na injini inazunguka kwa uchovu, betri haina nguvu. Gari likishawaka, namba ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5, maana hapo alteneta inachaji. Ikibaki 12 na pointi, betri mpya utakayonunua leo itakufa wiki hii hii, kwa sababu mgonjwa ni alteneta.

Mita hiyohiyo inamnasa mhalifu anayesingizia betri kila siku: temino. Weka ncha moja ya mita juu ya nguzo ya betri na nyingine juu ya temino iliyoikamata nguzo hiyo, kisha mtu apige stati. Vitu viwili vinavyogusana vizuri havina tofauti ya umeme, kwa hiyo mita isome karibu na sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi, umeme unapotelea hapo. Maji ya moto yenye magadi na brashi ya waya vitamaliza kazi. Ukipima hivyohivyo kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini, utamkamata yule waya wa athi wa IST yetu kabla hujanunua betri wala stata.

Joto letu nalo lina sehemu yake. Katika nchi za baridi watu huogopa majira ya baridi kwa sababu ndipo betri inapokataa. Lakini kinachoizeesha betri kwa haraka ni joto: linakausha maji yake na kula madini ya ndani. Betri inayoshinda kwenye foleni ya Dar, boneti ikiwaka kama jiko, huchakaa kimyakimya bila kutoa taarifa. Siku unapoipeleka Njombe mwezi wa Juni, ndipo siri yake inatoka alfajiri.

Kisha kuna wizi wa usiku. Gari likiegeshwa linaendelea kutumia umeme kidogo kwa saa yake na kompyuta yake, na kwa kawaida matumizi hayo hayazidi sehemu ya ishirini ya ampea moja. Sasa ongeza alamu iliyofungwa mtaani, kifaa cha kufuatilia gari, na redio kubwa ambayo waya wake umeungwa kwa kusokota na kufungwa kwa gundi ya plastiki. Kifaa kibovu kinachonyonya nusu ampea tu kitakuwa kimekula saa-ampea 24 kwa siku mbili za wikiendi, na betri nyingi za magari madogo hazizidi 40. Jumatatu gari limekufa, betri inabadilishwa, wikiendi inayofuata inakufa nyingine. Mtu aliyepima umeme unaotoka gari likiwa limezimwa angechomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ishuke, na mwizi angejulikana.

Injini inazunguka, haishiki

Hapa ndipo pampu ya mafuta inaponunuliwa bila kosa. Kabla hujainunua, washa swichi bila kupiga stati na uweke sikio kwenye kiti cha nyuma. Kwenye magari mengi ya petroli utasikia pampu ikinguruma kwa sekunde mbili hivi, kisha ikanyamaza. Usiposikia kitu, bado pampu haijahukumiwa. Huenda fyuzi imekatika, huenda rilei yake imekufa. Kwenye boksi la fyuzi mara nyingi kuna rilei nyingine ya aina ileile, kwa mfano ya honi. Zibadilishane nafasi. Gari likiwaka na honi ikanyamaza, umepata jibu bila kutoa hata shilingi.

Pampu ikishathibitika kuwa mbovu, tujiulize kwa nini imekufa. Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka. Sisi tunaoweka mafuta ya elfu kumi leo na elfu kumi kesho, taa ya njano ikiwa imewaka mwezi mzima, tunaiendesha pampu ikiwa na joto na ikivuta uchafu wa chini ya tangi. Halafu geji ya mafuta ya gari la zamani inadanganya, na mtu anasukuma gari mpaka gereji kumbe tangi ni tupu. Fundi mwaminifu huuliza kwanza umeweka mafuta lini.

Tazama pia taa ya ufunguo kwenye dashibodi. Gari lenye imobilaiza lisipoitambua chipu ndani ya ufunguo, litakataa kuwaka hata kama kila chuma ndani yake ni kizima, na mengine huwaka sekunde moja na kuzima. Ufunguo wa kuchonga wa bei rahisi usio na chipu utafungua mlango tu. Na kwenye Toyota za kitufe, ufunguo ulioishiwa betri yake ndogo hausababishi gari livutwe: kanyaga breki, gusa kitufe kwa ufunguo wenyewe, kisha bonyeza. Betri hiyo ndogo utaipata kwa fundi saa yeyote.

Kwa nini fundi anabahatisha

Ni rahisi kumaliza makala kama hii kwa kuwatukana mafundi. Sitafanya hivyo, kwa sababu mafundi wetu wanafanya maajabu bila vifaa, bila vitabu, na mara nyingi bila kivuli. Tatizo lao ni hesabu. Fundi wa chini ya mwembe akitumia saa nzima kupima, akagundua ni temino, mteja atampa hela ya soda. Akisema "stata" na kwenda kuinunua mwenyewe, atapata hela ya ufundi, na duka litamkumbuka kwa kumletea mteja. Familia yake inakula kwa njia ya pili. Mteja aliyekataa kulipia kichwa cha fundi amelipia kitu kilekile kwa mzunguko, kwa bei kubwa zaidi, na akapewa stata asiyoihitaji.

Makosa ya kubahatisha hayarudi nyuma pia. Maduka mengi ya spea huandika kwenye risiti kwamba bidhaa iliyouzwa hairudishwi, na kwa vifaa vya umeme wanashikilia hapo kwelikweli. Nairobi, kwenye maduka ya Kirinyaga Road, kilio cha wenye magari ni hikihiki, ingawa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 na magari yao kwa hiyo ni vijana kidogo kuliko yetu. Umri wa gari haubadilishi mtego wenyewe: sensa ikishanunuliwa na gari likakataa kuwaka, sensa ni yako.

Baya zaidi ni pale kubahatisha kunapojifanya kupima. Wapo mafundi ambao, gari likishawaka kwa kubustiwa, wanachomoa temino ya betri injini ikiwa inanguruma. Likiendelea kuunguruma wanatangaza kwamba alteneta ni nzima. Mbinu hii ilirithiwa kutoka enzi za magari yasiyo na kompyuta. Ukichomoa betri ghafla, umeme wa alteneta unaweza kuruka juu sana kwa muda mfupi kwa kukosa pa kutua, na vifaa vya kielektroniki, pamoja na kontroo boksi, yaani kompyuta ya gari, vinaweza kuungua. Mita ingetoa jibu hilohilo bila hatari yoyote. Mwenye gari anayeona mkono wa fundi ukielekea kwenye temino na injini inawaka ana haki ya kusema hapana, tena kwa sauti.

Kubustia nako kuna utaratibu wake. Waya mwekundu huanzia chanya ya betri iliyokufa kwenda chanya ya betri nzima. Waya mweusi huanzia hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho hufungwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri hutoa gesi ya hidrojeni, na cheche ya ncha ya mwisho ikiruka juu yake inaweza kuilipua. Ukigeuza chanya na hasi, utaunguza fyuzi kuu au alteneta, na tatizo la temino litakuwa limegeuka kuwa tatizo la kukokotwa. Na msijichoshe kusukuma gari la otomatiki. Haliwaki kwa kusukumwa.

Kompyuta haijatuokoa

Wengine watasema enzi ya kubahatisha imekwisha, siku hizi gari linachomekwa mashine na mashine inataja ubovu. Ninaiheshimu mashine hiyo. Marekani ililazimisha mfumo wa pamoja wa kusoma kodi za ubovu kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na magari mengi ya dunia yakaufuata kwa namna yake. Lakini mashine haitaji spea. Chukua kodi P0335, ambayo hutokea sana kwenye magari yanayozunguka bila kushika. Inasema kuna hitilafu kwenye sakiti ya sensa ya mzunguko wa kranki. Sakiti maana yake ni sensa, waya wake, soketi yake, athi yake, na njia yote mpaka kwenye kontroo boksi. Fundi anayesoma P0335 na kukutuma sensa amebahatisha vilevile, ila safari hii amebahatisha kwa kompyuta na kukutoza hela ya kompyuta.

Tulishawahi kupita njia hii kwenye jambo kubwa zaidi. Zamani kila homa kwetu ilikuwa malaria, na dawa ilitolewa kwa kuangalia macho ya mgonjwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na Tanzania ikapeleka vipimo vya haraka mpaka kwenye zahanati za vijijini. Watu walinung'unika mwanzoni: nimekuja na homa, narudishwa nyumbani bila dawa ya malaria? Leo ni mgonjwa mwenyewe anayeuliza, "Mmenipima?" Mabadiliko hayo hayakuletwa na kipimo peke yake. Kipimo kilipata nafasi kwenye utaratibu wa kazi, na kikapata mtu wa kukigharimia.

Kwenye magari, mtu huyo wa kugharimia ni sisi wenye magari. Gereji nazo zina wajibu: ziandike ukutani bei ya kupima, tofauti na bei ya kutengeneza, na zimpe mteja namba zilizopatikana. Mafunzo ya ufundi yana nafasi yake vilevile. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, jambo jema sana, na ningependa kuona cheti hicho kinampima fundi kwa mita mkononi kama kinavyompima kwa spana. Lakini nina hakika kwamba mafundi watanunua mita mwezi uleule ambao wateja wataanza kuzilipia.

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu wa kipato cha chini hana pesa ya kulipia kupima juu ya kutengeneza. Naona kinyume chake: mwenye pesa anaweza kumudu kununua betri, stata na pampu kwa zamu mpaka gari liwake. Dereva wa teksi anayelala na hesabu ya tajiri kichwani ndiye asiyeweza kumudu hata kosa moja. Ya pili ni haraka: niko barabarani, nimechelewa, wafunge chochote gari liondoke. Ninaielewa haraka hiyo. Lakini kupima betri, temino na alteneta hakuzidi dakika kumi, na kwenda kutafuta stata Gerezani na kurudi ni nusu ya siku.

Kwa hiyo, gari likigoma, mwambie fundi kabla hajashika spana kwamba utamlipa ada ya kupima, na mkubaliane kiasi. Mweleze unachosikia: linazunguka au halizunguki, mlio ni mmoja au ni mingi, taa zinafifia au hazififii. Akitaja spea, muulize maswali mawili tu: umepima nini, na umepata ngapi? Asiye na jibu la swali la pili bado hajapima. Akitaka kuibadilisha hata hivyo, sharti liwe kwamba kama tatizo halikuwa hilo, duka litaipokea irudishwe, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti kabla pesa haijatoka.

Jaribio gumu litakuja siku fundi atakapopima kwa dakika kumi, akakaza temino moja, gari likawaka, akafunga boneti. Mkono wako utataka kutoa hela ya soda. Lipa ada mliyokubaliana, yote, na usiombe kupunguziwa kwa sababu kazi ilikuwa nyepesi. Fundi huyo ameacha stata ambayo angekuuzia asubuhi hiyo bila wewe kujua, na kesho atakuwa na sababu ya kuja na mita kwa mteja anayefuata.